Ni kiini cha yai, si rangi ya mafuta

Kwa kuwa ilikuwa imegeuka nyeusi, watu hudhani kuwa Bikira Maria wa Vladimir, ikoni (picha takatifu) maarufu ya Maria na mtoto Yesu iliyoko Urusi, ilichorwa kwa rangi ya mafuta. Hapana. Ni rangi ya unga iliyokorogwa na kiini cha yai, juu ya ubao uliopakwa gundi na tabaka nyeupe kisha ukasuguliwa hadi ukawa laini. Ndivyo walivyofanya mafundi wa Konstantinopoli, mji mkuu wa dola ya Bizanti, na ikoni hii ilitoka kwao mwanzoni mwa karne ya 12. Ule weusi unaowapotosha watu ulitokana na vanishi ya mafuta ya kitani iliyopakwa juu: hugeuka nyeusi kadiri miaka inavyokwenda, na moshi wa mishumaa huzidisha. Iliposafishwa mwaka 1918, uso mzuri ajabu ukatokea chini yake. Tahadhari moja tu: sehemu za tangu mwanzo ni hasa nyuso za mama na mtoto, mavazi mengi yamepakwa upya baadaye. Na si kila ikoni ya Kibizanti ni ya yai. Kristo wa Monasteri ya Mtakatifu Katerina, Sinai, wa karne ya 6, alichorwa kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa.