Namba 510,510 ina vigawo 128 au vigawe 128?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kwenye kundi letu la wazazi niliandika kwamba 510,510 "ina vigawe 128". Mzazi mwenzangu akanirukia: sema vigawo! Nilidhani ni neno moja lenye matamshi mawili, kama namba na nambari. Nani kakosea? (Mama wa mtoto wa darasa la sita, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Mwenzako yuko sahihi, ingawa angeweza kukwambia taratibu. Namba na nambari ni kitu kimoja. Kigawo na kigawe ni viwili, tena vinatazamana.

Sikiliza irabu ya mwisho. Kizibo huziba, kifuniko hufunika, kipimo hupima: vyote vinafanya kazi, vyote vinaishia na -o. Sasa njoo kwa kiumbe. Hakiumbi, kimeumbwa. Mtume katumwa, mteule kateuliwa. Hiyo -e ni ya aliyetendwa. Basi kigawo hugawa namba bila kuacha baki, kigawe hugawanywa na namba hiyo bila kuacha baki. (Kanuni ina mianya yake, maana mchezo hauchezi, lakini hapa inakutosha.)

Tuingie kwenye namba yenyewe. Zidisha 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 × 17, utapata 510,510: laki tano na elfu kumi, mia tano na kumi. Hizo saba ni vigawo vyake, na zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Vigawo vingine vinazaliwa humohumo, kwa kuchagua baadhi ya hizo saba na kuzizidisha: 2 × 17 ni 34, 3 × 5 × 7 ni 105. Kila moja ama unaichukua ama unaiacha. Njia mbili, mara saba, ni 2 kwa kipeo cha 7, yaani 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 = 128. Ukiziacha zote unabaki na 1, nayo imo kwenye hesabu.

Vigawe vyake je? 510,510, kisha 1,021,020, kisha 1,531,530, na kuendelea bila kikomo. Ndiyo maana "vigawe 128" si kosa la neno tu. Hakuna namba yenye vigawe 128; namba yoyote kuanzia 1 ina vigawe visivyohesabika.

Wa kulaumiwa kidogo ni vifupisho vya shuleni. Mtoto anakariri KDS na KKS, na herufi K inameza irabu yote. Lakini KDS ni Kigawe Kidogo cha Shirika, KKS ni Kigawo Kikubwa cha Shirika. Na 510,510 ndiyo KDS ya zile tasa saba: hakuna namba ndogo kuliko hiyo inayogawanyika kwa zote.

Ukitaka kupatana na mwenzako, mwambie kuna namba moja tu iliyomo kwenye orodha zote mbili, ya vigawo na ya vigawe: 510,510 yenyewe.