Mgodi wa shimo na mgodi wa chini: nani huamua?

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi ni mkazi wa Kahama. Hapa jirani mgodi wa Buzwagi ulichimbwa kwa shimo kubwa la wazi, lakini kule Bulyanhulu, katika mkoa huuhuu wa Shinyanga, wachimbaji huingia chini kabisa ya ardhi. Yote ni dhahabu. Je, tofauti hii inatokana na mtaji wa mwekezaji?
Msomaji, Kahama

JIBU: Mtaji una sehemu yake, ndugu msomaji, lakini mwenye neno la kwanza ni mwamba wenyewe. Kule Bulyanhulu dhahabu imo katika mshipa mwembamba, wenye upana wa mita chache tu, uliosimama karibu wima na kushuka zaidi ya kilomita moja. Kuufuata mshipa wa namna hiyo kwa shimo la wazi ni kama kubomoa nyumba nzima ili utoe waya uliopita ukutani. Ndiyo maana wahandisi huteremka kwa shafti, yaani shimo jembamba la wima, wakakata njia za pembeni kuufuata mshipa, kisha nafasi waliyoiacha nyuma wakaijaza marudio ya kinu, yaani mabaki ya mwamba uliosagwa na kutolewa dhahabu, yaliyochanganywa na saruji, ili mwamba wa juu upate pa kuegemea.

Buzwagi, ambao ulianza uzalishaji mwaka 2009, ulikuwa kinyume chake: mbale, yaani mwamba wenye dhahabu, zilikuwa karibu na uso wa ardhi, na kila tani ilibeba dhahabu kidogo, kwa hiyo faida ilitegemea kuchota tani nyingi kwa gharama ndogo. Mwadui nako, kwenye mgodi wa almasi, hapakuwa na la kujadili: shimo la wazi tu. Almasi alizozigundua Mkanada John Williamson mwaka 1940 zimo katika bomba la kimbalaiti, mwamba wa volkano uliopanda kutoka chini sana, ambalo mdomo wake una ukubwa wa hekta 146 hivi.

Lakini shimo la wazi nalo lina mwisho wake, na mwisho huo huletwa na kifusi. Kuta zake haziwezi kuwa wima. Hukatwa kwa ngazi zinazopanuka kuelekea juu ili zisiporomoke, kwa hiyo anayetaka kushuka sharti kwanza apanue mdomo. Ukilichukulia shimo kuwa na umbo la faneli, kuongeza kina mara mbili bila kubadili mwinamo wa kuta kunaufanya ujazo wake uwe mara nane, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni mwamba mtupu, unaokula dizeli, matairi na baruti sawasawa na mbale. Siku gharama ya kuhamisha kifusi inapozidi thamani ya kilicho chini yake, mgodi hufungwa au huingia ardhini. Geita ni mfano mzuri: ulianza mwaka 2000 kwa mashimo ya wazi, na baadaye ukafungua njia za chini kuzifuata mbale zilizokuwa zikizama.

SWALI: Mdogo wangu ni mwanaapolo, mchimbaji wa tanzanaiti, huko Mererani. Kila mara husikia habari za mtobozano. Unatokeaje, ilhali kila mtu ana leseni yake?
Msomaji, Arusha

JIBU: Leseni hupimwa kwa vigingi vilivyosimikwa juu ya ardhi, ila mshipa wa tanzanaiti haujui vigingi. Hulala, hupinda, hukatika na kuibuka mbele, na mchimbaji huufuata kokote unakoelekea kwa njia ya mteremko inayoweza kufika mamia ya mita. Baada ya mipindo kadhaa gizani, bila mpimaji, si rahisi kujua kama bado uko chini ya eneo lako; ndipo njia za migodi miwili zinapokutana, na huo ndio mtobozano.

Watu huzungumzia zaidi ugomvi wa kugombea mawe ya tanzanaiti, nami naona wanakosea mkazo. Hatari kubwa ni baruti. Timu ya upande mmoja inaweza kulipua wakati wenzao wako mita chache nyuma ya ukuta wa mwamba bila taarifa, na moshi wa mlipuko ukapenya upande wa pili ambako feni haikuandaliwa kuuondoa. Mwulize mdogo wako mambo mawili: mara ya mwisho mpimaji alishuka lini mgodini mwao, na kama wamekubaliana na majirani saa za kulipua. Kugonga mwamba kwa nyundo na kusikiliza kama jirani anajibu, jambo la manufaa, hakutoshi: anayetega baruti huenda tayari ameshapanda juu.