Kauli kali si lazima iwe uchochezi

Je, kauli ikiwa chungu au ya kuudhi tayari ni uchochezi? Hapana, hilo pekee halitoshi. Kifungu cha 19 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 kinaruhusu kubana uhuru wa kujieleza pale tu masharti matatu yanapotimia kwa pamoja: zuio liwemo katika sheria, lilinde jambo lililotajwa katika kifungu hicho (haki au heshima za wengine, usalama wa taifa, utulivu, afya au maadili ya jamii), na liwe la lazima kweli. Hapo kwenye ulazima ndipo mazuio mengi hukwama, maana gazeti zima hufungwa kwa aya moja iliyohitaji kusahihishwa tu.

Uchochezi wa chuki hupimwa kwa vigezo sita vya Mpango wa Rabat wa 2012, mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu uchochezi wa chuki: mazingira, hadhi ya msemaji, nia, maneno yenyewe, yalivyosambaa, na uwezekano wa madhara. "Wafukuzeni leo" mbele ya umati wenye marungu si sawa kabisa na maneno hayohayo jukwaani kwenye tamthilia.

Ila angalia, kumzushia mtu uongo bado kunaweza kukufikisha mahakamani kwa kashfa, hata pasipo uchochezi wowote.