"Peke yake", "pekee" au "kipekee"?

SWALI: Ninafundisha shule ya Jumapili katika usharika mmoja hapa Iringa. Kwa somo la uumbaji niliandika kwenye bango: "Mungu amemuumba kila mtoto peke yake, kama tofali: hakuna lililo sawa na lingine." Mzee wa kanisa akasema pale ni "pekee", si "peke yake". Mama mmoja wa kwaya akataka "kipekee". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwalimu, andika la mama wa kwaya. Mzee ameliona kosa, ila dawa aliyotoa hailiponyi.

"Peke yake" ni bila mwenzi au bila msaidizi. Kwa hiyo bango lako linasomeka kwa njia mbili, na zote mbili hukuzikusudia. Ya kwanza, Mungu aliumba bila kusaidiwa na mtu. Hilo ni fundisho zuri, tena Isaya 44:24 inalisema kwa neno hilohilo: "nizitandazaye mbingu peke yangu". Lakini si somo lako la wiki hii. Ya pili, kila mtoto aliumbwa akiwa hana mwenzake. Huyo ni Adamu, na habari yake unaijua: "Si vema huyo mtu awe peke yake" (Mwanzo 2:18). Yaani umewabandikia watoto ukutani hali ambayo Mungu mwenyewe alisema si njema!

"Pekee" bila "wa" au "la" mbele yake hubagua: ni huyu, wengine hawamo. Ndiyo maana Yohana 3:16 ina "Mwanawe pekee". Ukiandika "amemuumba kila mtoto pekee", msomaji atauliza: na watu wazima je, waliumbwa na nani?

Penye utamu ni "-a pekee". Chukua Gangilonga, mwamba mnaoutazama kila siku. Ukisema "Gangilonga ni jiwe la pekee Iringa", watu wataitikia, maana lina sifa na masimulizi yasiyo ya mawe mengine. Ukisema "Gangilonga ni jiwe pekee Iringa", hata mgeni aliyeshuka basi asubuhi hiyo atakushangaa, kwa jinsi mji ule ulivyozungukwa na miamba. Hata hivyo mpaka huu hauko wazi siku zote. Wakatoliki katika Kanuni ya Imani husema "Mwanae wa pekee", na maana pale ni kwamba hana Mwana mwingine, si kwamba ana sifa za kupendeza kuliko wengine. "Mtoto wa pekee" nyumbani pia ni yule asiye na ndugu. Basi "-a pekee" hubeba maana zote mbili, na jirani zake katika sentensi ndio huamua. Kwenye bango, "kila" inaamua: wakishakuwa wengi, hakuna atakayedhani unasema yuko mmoja tu. Kwa hiyo "kila mtoto ni wa pekee" nayo ni sawa kabisa.

"Kipekee" hueleza namna kitendo kilivyofanyika, kwa hiyo hukaa vizuri na kitenzi: "ameumbwa kipekee".

Jambo la maandishi, kwa kuwa naliona kila siku kwenye simu: hakuna "pekee yangu". Ni "peke yangu". Wala "peke" haifuati ngeli ya kitu kinachotajwa. Tofali limebaki peke yake, si "peke lake".

Sasa tofali lenyewe. Fundi akisikia "hakuna lililo sawa na lingine" atacheka, kwa sababu kalibu ya kufyatulia ipo ili yafanane. Tanuruni ndiko yanakoachana: yaliyokaa karibu na moto hukomaa na kukolea rangi, ya pembeni hutoka mabichi na kumeguka. Ukitaka kulitetea bango lako, tetea hapo. Na katika Biblia matofali hayana jina zuri sana. Tunayakuta Babeli (Mwanzo 11:3), kisha Misri, Waisraeli wakitumikishwa. Petro alipotaka kuwasifu waamini alichagua "mawe yaliyo hai" yanayojengwa kuwa nyumba (1 Petro 2:5). Jiwe halitoki kwenye kalibu, na mwashi hulizungushazungusha mpaka lipate mahali pake ukutani. Kwa upekee ulioutaka, jiwe lingekufaa zaidi, na Iringa hamtayakosa.

Ningeandika hivi: "Mungu amemuumba kila mtoto kipekee, kama jiwe: kila moja lina mahali pake ukutani." Ukiling'ang'ania tofali, angalau wingi wake uwe "matofali haya". "Tofali hizi" waachie mafundi. Wao wanaelewana nayo vizuri tu.