Mimi ni muoga ama nina akili?

SWALI: Nauza spea za boda hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Nimeweka akiba ya milioni 3, shemeji yangu ambaye ni mwalimu wa serikali anasema zote ninunue hisa kama yeye, nikisita ati mimi muoga. Milioni 2 kati ya hizo ni karo ya watoto Februari. Mwaka juzi niliweka mahindi stoo nikingoja bei ipande, ikashuka zaidi, usingizi ukakata nikauza yote kwa hasara, na baada ya miezi miwili bei ikapanda. Nitajuaje moyo wangu unabeba risiki kiasi gani?

JIBU: Ndugu yangu, yale mahindi yameshakujibu. Watu hujipima wakiwa wametulia, wanasema mimi naweza kuvumilia, lakini moyo unaujua siku bei imeshuka na wewe ulifanya nini siku hiyo, na wewe uliuza. Sio aibu, ndivyo ulivyo, na hisa nazo zinafanya vilevile kama mahindi. Angalia za MTN Uganda, ile kampuni ya simu, 2021 ziliuzwa kwa watu shilingi 200 kila moja, baadaye zikashuka chini ya hapo zikakaa sana kabla ya kupanda tena, sasa mtu wa roho yako angekuwa ameshauza kwa hasara zamani.

Halafu kuna mfuko wako, huo ni tofauti na moyo. Shemeji mshahara wake unaingia kila mwezi hata hisa zianguke, wewe duka likilala wiki mbili umekwisha. Kwa hiyo hata ungekuwa na moyo wa simba, hiyo milioni 2 ya karo isiguse hisa, tafadhali sana, Februari haingoji soko lipande. Iweke kwenye treasuri bili za siku 91, yaani unaikopesha serikali kwa siku hizo ikurudishie na riba, Benki Kuu inaziuza kupitia benki za kawaida kuanzia laki 1, na riba wanaikata kodi asilimia 20, ila angalia tarehe ya kuiva, siku ya kurudishiwa pesa yako, iwe kabla shule hazijafunguliwa.

Inabaki milioni 1. Hapo jaribu hisa za laki 2 tu, kaa nazo mwaka mzima, na bei ikishuka uangalie usiku unalala ama hulali. Ukilala, mwaka kesho ongeza. Na shemeji akikuita muoga tena, muulize kama yeye alishawahi kulipa karo na pesa ya duka.