Kengele uliyofunga mwenyewe na bima ya nyumba

Dada, umeuliza kama kengele ya wizi uliyojifungia mwenyewe hapo Shangani itakuharibia bima. Kuifunga tu hakuvunji mkataba. Hatari iko kwenye fomu ya maombi: ukijaza kwamba nyumba ina kengele, kampuni inaweza kuligeuza jibu hilo kuwa sharti. Siku mwizi akiingia watauliza: ilikuwa imewashwa? Betri ilikuwa nzima? Kwa umeme wetu wa Mtwara unavyokatika, hilo la betri usilichukulie kirahisi kabisa. Wakikuta ilikuwa imezimwa, wanaweza kuyakataa madai yako ya wizi.

Kwa hiyo waandikie, uwaeleze wazi kuwa umeifunga mwenyewe na inatuma taarifa kwenye simu yako tu, si kwa kampuni ya ulinzi. Waombe wakujibu kwa maandishi. Punguzo la ada usilitegemee sana.

Na tafadhali soma kipengele cha wizi. Mikataba mingi hudai dalili za kuvunja, kwa hiyo mlango uliosahaulika wazi unaweza kukukosesha fidia hata kama kengele ililia. Wakikuzungusha, peleka malalamiko TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima Tanzania.