Wiki mbili za kucha sawa, za ngozi bado

Dada wa Arua, umeuliza kama kozi ya wiki mbili Kampala inatosha kufungua saluni ya urembo. Kwa kucha na nyusi, inatosha kuanzia. Mkono utakomaa kwa wateja. Kwa ngozi, hapana. Nta ya kung'olea nywele ikizidi moto, au dawa ya kuchubua ikikawia usoni, ngozi yetu nyeusi huacha madoa ya miezi. Wiki mbili hata hazikupi nafasi ya kuliona doa likitokea, mteja keshaenda zake. Mimi nililiona kwenye shavu la shangazi yangu, aibu tupu!

Uliza kama kwenye kozi hiyo wanafundisha kujaribu dawa nyuma ya sikio na kungoja saa 24, kutakasa vyombo (homa ya ini B hupita kwa damu kidogo mno), na kusoma lebo: krimu za zebaki na haidrokwinoni (kemikali za kung'arisha ngozi) bado zinauzwa ingawa zimepigwa marufuku.

Kama tatizo ni ada, soma hiyo fupi, kisha kaa miezi sita chini ya fundi mzoefu, hata akikulipa nauli tu. Kozi ikikosa wateja halisi wa mazoezi, usilipe.